Binti yangu (11) anataka kubaki na mimi, mama yake anataka watoto wote wawili. Hakimu atamsikiliza mtoto?

Baba_Nyamagana
Wakuu, salaam. Niko Mwanza. Naomba wajuzi wa sheria na waliopitia haya wanisaidie, matusi tuyaweke pembeni kwa leo.

Mimi na mama watoto tumeshindwana. Baraza la kata limetukalisha mpaka likachoka, tumetoka na hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na yeye ameshafungua shauri la talaka mahakama ya mwanzo. Kwenye mali hatuna ugomvi mkubwa, ni kiwanja na bodaboda mbili. Shida ni watoto. Binti ana miaka 11, yuko darasa la tano. Wa kiume ana 6, ndio kaanza la kwanza mwaka huu. Mama anawataka wote. Binti ameniambia kwa mdomo wake, na si mara moja, kwamba anataka kubaki na mimi. Nyumba ni hii aliyokulia, shule ipo mtaa wa pili, na bibi yake, yaani mama yangu mzazi, tunaishi naye.

Sasa: hakimu atamuuliza? Akimuuliza, neno lake linamaliza kesi? Na nikimwandaa kidogo cha kusema asije akaogopa, kuna ubaya? Kuna jamaa kijiweni anasema mtoto akishavuka miaka 7 ni wa baba moja kwa moja, nisihangaike, nisubiri tu na huyu mdogo afike.

Naomba kuwasilisha.

kidagaa_kavu
Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

Mzee_Kibwana
Swali moja tu. Mahari ulitoa? Kama ulitoa, hao watoto ni wa ukoo wako, hakuna cha kuuliza mtoto wala mama wa mtoto. Tangu lini mtoto wa darasa la tano akaamua nyumba ya kulala?

Chuma_Chakavu
Mkuu usipoteze muda. Washa kamera ya simu, muulize "unataka kukaa na nani?", ajibu, unaenda kuichezesha mbele ya hakimu. Kesi imeisha hapo.

Karani_Mstaafu
Kijana, huyo jamaa yako wa kijiweni ana wenzake wengi, na ndio waliojaza mafaili masijala zote nilizopitia.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125. Mahakama ikiamua mtoto akae na nani, jambo kuu ni ustawi wa mtoto. Chini ya hilo ndipo inaangalia mambo matatu: matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake kwa kujitegemea, na mila za jamii ya wahusika. Huo umri sheria haikuutajia namba. Ina maana hakimu anampima mtoto aliye mbele yake. Nimeona wa miaka 8 anaeleweka kuliko baba yake, na wa 13 ambaye ukimuuliza anaangalia viatu.

Hiyo 7 anayoisema jamaa yako ipo, ila kaisoma kichwa chini. Kifungu kidogo cha tatu kinaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama. Ni dhana, yaani mahakama inaanza kwa kuamini hivyo, ila inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, na hakimu anaambiwa pia aangalie madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Akishavuka 7 dhana inaondoka. Haihamii kwa baba. Kwa kifungu hicho mnaanza wote mstari mmoja, wewe na mama yake, kila mmoja aeleze.

Mzee Kibwana, shikamoo. Unachokisema kilikuwa na nguvu zake, kimeandikwa hata kwenye tamko la sheria za kimila la 1963, GN (tangazo la serikali) namba 279, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Lakini kwenye hiyo 125 mila ndiyo ya mwisho kutajwa, na yote matatu yako chini ya ustawi wa mtoto. Mahari hulipia ndoa, si watoto, mzee wangu.

Kisha kuna Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Kifungu cha 11 kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asinyimwe haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki kwenye maamuzi yanayogusa maisha yake. Halafu kifungu cha 39, ndicho cha kukisoma wewe mara mbili, kinaitaka mahakama izingatie maoni ya mtoto *kama ameyatoa kwa uhuru*. Hapo ndipo swali lako la kumwandaa linapokufa.

Baba_Nyamagana
Mzee Karani asante sana. Ila mimi simwandai aseme uongo. Anataka kweli kukaa na mimi. Nataka tu asiingie mule akababaika. Mtoto mwenyewe ana aibu.

Karani_Mstaafu
Nakuelewa. Acha nikueleze mambo yanavyokwenda mle ndani ndipo uone.

Hakimu mmoja niliyemfanyia kazi, mama mtu mzima, hakuwahi kumuuliza mtoto mbele ya wazazi. Anawatoa wote nje, na mawakili kama wapo, mtoto anaingizwa chemba, yaani ofisini kwa hakimu. Hakai nyuma ya meza, anavuta kiti anakaa naye upande mmoja. Hagusi habari ya baba na mama kabisa kwanza. Mwalimu wako wa darasa nani? Unakaa na nani dawati moja? Nani anakuamsha asubuhi? Uliumwa lini mara ya mwisho, na usiku ule ulimwamsha nani? Sare nani anafua? Mtoto anamwaga yote bila kujua kuwa ameshajibu.

Siku moja akaingia kijana wa miaka 10. Kabla hata hajaulizwa shule anayosoma, akasimama wima kama yuko mstarini akasema: "Mheshimiwa, naomba nikae na baba yangu kwa kuwa mama hana uwezo wa kiuchumi wa kukidhi mahitaji yangu ya msingi." Mama hakimu akaweka kalamu chini. Akamuuliza taratibu, mahitaji ya msingi ni nini, mwanangu? Kijana kimya. Akarudia sentensi ileile tangu mwanzo, na katikati akasahau neno akaanza kulia.

Hakimu aliandika kwenye mwenendo wa kesi kwamba mtoto ameonekana kufundishwa. Mistari miwili tu. Baba alikuwa na hoja zake nzuri kabisa, nyumba, shule, kila kitu. Lakini ile mistari miwili ilimfuata mpaka kwenye hukumu, kwa sababu mzazi anayemtwisha mtoto mzigo wa namna ile naye anapimwa kwa hilo.

Kwa hiyo akibabaika, mwache ababaike. Mtoto anayebabaika anaaminika kuliko anayehutubia.

kidagaa_kavu
Duh. "Mahitaji ya msingi ni nini, mwanangu." Nimehisi uchungu na mtoto si wangu.

Mwanaume_Wa_Shoka
Maneno mengi. Mahakama za nchi hii ni za wanawake, mtoto aseme asiseme. Ukienda umeshapoteza nauli.

Dada_Ustawi
Wewe wa shoka, njoo siku moja ofisini usome majalada halafu turudi hapa. Akina baba wanaopewa watoto wapo. Wengi wanaokosa ni wale ambao hawakuja kabisa, au wamekuja siku ya hukumu na hawajui mtoto anasoma darasa la ngapi.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, halmashauri sitaitaja. Naongezea kwa Mzee Karani upande wetu.

Sheria ya Ndoa, kifungu cha 136, inataka mahakama ikiwezekana ichukue ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto. Haifungwi na ushauri huo, ila mara nyingi inauomba, na ndipo sisi tunapoitwa kuandika ripoti. Tunakwenda kwa baba, tunakwenda kwa mama, tunapita shuleni, tunaongea na mwalimu, jirani, bibi. Na mtoto. Mimi napenda kuongea naye shuleni, kwa sababu pale si kwa baba wala kwa mama. Nyumbani hata mzazi akitoka nje unajua yuko nyuma ya dirisha.

Ninachotafuta mimi ni sababu. "Nataka kwa baba" ni maneno matatu, hayanisaidii. Kwa nini kwa baba? Mmoja atasema kwa baba kuna king'amuzi. Mwingine, kwa baba hakuna kuchota maji. Mwingine, mama akiniacha jioni anakuja mtu fulani pale nyumbani namwogopa. Wote wamesema "nataka kwa baba". Wa kwanza naandika. Wa pili naangalia kwanza kama kweli anatumikishwa au ni kazi za kawaida za nyumbani. Wa tatu, siku hiyo sirudi ofisini mpaka nimejua huyo mtu ni nani, na hapo hatuzungumzii tena matakwa, tunazungumzia usalama.

Chuma Chakavu, hizo video tunaletewa sana. Niliiona moja, mtoto anaongea macho yake yanapanda juu ya simu, yaani kwa aliyeishika. Akamaliza, akauliza "nimesema vizuri?" Baba akasahau kukata.

Chuma_Chakavu
😂😂 Basi nimekoma dada yangu. Nilikuwa nasaidia tu.

Dada_Ustawi
Baba Nyamagana, na wewe nikuulize kitu, usikasirike. Unajua huyo binti amemwambia nini mama yake?

Nauliza kwa sababu watoto wa 9 mpaka 12 hivi ndio wanaonisumbua zaidi. Sio waongo. Wanampenda kila mmoja, na kila mmoja akimuuliza wanampa anachotaka kusikia ili asiumie. Baba anakuja na uhakika wake, mama anakuja na wake, na wote wawili wanasema ukweli.

Mama_Kihonda
Hapo dada umegusa. Mimi ni mama, Morogoro. Wangu wa kwanza alikuwa na miaka 13 alipoulizwa, akasema baba. Nililia mle ndani bila aibu. Mahakama ikamsikiliza, akaenda kwa baba yake, mdogo wake akabaki na mimi. Kabla mwaka haujaisha mwenyewe akanipigia kwa simu ya jirani, mama nataka kurudi. Kumbe baba yake alikuwa safarini muda wote, mtoto analelewa na dada wa kazi.

Nikarudi mahakamani. Sikujua kama inawezekana, nilidhani hukumu ni hukumu. Kumbe amri ya malezi mahakama inaweza kuibadilisha hali ikibadilika. Karani atatupa kifungu.

Karani_Mstaafu
133 ya Sheria ya Ndoa, mama. Amri ya malezi au ya matunzo inaweza kubadilishwa au kufutwa wakati wowote, mkionyesha kwamba hali imebadilika au kwamba ilitolewa kwa taarifa zisizo za kweli. Kwa hiyo hata neno la mtoto halimfungi milele. Na pia sio la kwenda kila muhula, hakimu ataona mnamchezea.

Mpemba_Asili
Assalaam alaykum. Hayo mnayoyazungumza ni ya Bara. Huku kwetu Zanzibar malezi ya watoto wa Kiislamu, yaani hadhana, yanakwenda Mahakama ya Kadhi, na Sheria ya Mtoto tunayo yetu, Na. 6 ya 2011.

Na kumsikiliza mtoto si jambo la kuletewa na Umoja wa Mataifa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yote hii, mtoto yuko kwa mama mpaka afike umri wa kupambanua, tamyizi, na wanazuoni wanaukadiria miaka 7. Akifika hapo anapewa hiyari baina ya mama na baba, kama wote wawili wanafaa. Asili yake ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai: mwanamke alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akalalamika kuwa mumewe anataka kumchukua mwanawe, na mwana huyo ndiye anayemtekea maji kisima cha Abu Inaba. Mtume akamwambia yule kijana: huyu baba yako na huyu mama yako, mshike mkono umtakaye. Akamshika mama mkono, wakaondoka.

Na hiyari si mlango uliofungwa. Akibadili nia anahamishwa. Na mtoto wa kiume akimchagua mama, usiku analala kwa mama, mchana yuko na baba amfunze na kumsomesha. Wamahanafi hawana hiyo hiyari, wao wameweka umri tu.

Nahisi ile 7 ya kijiweni imetokea huku. Watu wakachukua namba, wakaiacha hiyari.

Mzee_Kibwana
Mpemba umenifunga mdomo hapo. Hadithi hiyo naijua, nimeisoma chuoni. Lakini wa Bara mbona wanasema kwa kadhi hakuna nguvu?

Karani_Mstaafu
Bara Sheria ya Ndoa inawashika wote, Waislamu, Wakristo na wa kimila. Mashehe wanaweza kuwasuluhisha, hata baraza la usuluhishi la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) lipo, ila amri ya mtoto akae wapi inatoka mahakamani.

Njoro_Boy
Vipi wenzangu, jirani nachungulia. Huku Kenya ni Sheria ya Watoto ya 2022, ilichukua mahali pa ile ya 2001. Kifungu cha 8 kinasema mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni na yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Kile cha 103 kikiorodhesha mambo ya kuangalia kwa malezi kinataja matakwa ya mtoto. Afisa wa watoto anafanya ripoti kama huyo dada wa ustawi, na majaji wengi wanaongea na mtoto kwa chemba.

Kitu kimebadilika huku ni hii habari ya mama. Ile sheria ya 2001 ilimhesabu mtoto wa chini ya miaka 10 kuwa wa umri mdogo, na korti zilikuwa zinampa mama mpaka kuwe na sababu kubwa. Siku hizi mababa wanakuja na ibara ya 53 ya Katiba, kwamba wazazi wote wana jukumu sawa wawe wameoana au la. Korti inawasikiliza, lakini ikifika mwisho bado ni ile ile: masilahi ya mtoto yako juu ya yote.

Mswahili_Atlanta
Huku Georgia, Marekani, wameweka namba kabisa. Mtoto akifikisha 14 anachagua mzazi wa kukaa naye, na chaguo lake linashika isipokuwa jaji aone halimfai. Kuanzia 11 mpaka 13 jaji anayazingatia matakwa yake lakini hayamfungi. Ukiwa hapa unaona vituko vyake: siku ya kuzaliwa ya 14 ikikaribia, baba ananunua simu mpya, mama anaahidi mbwa.

Dada_Ustawi
Ndiyo maana mimi sitamani tuwekewe namba. Namba inamgeuza mtoto kuwa mtu wa kupigiwa kampeni. Bila namba angalau mzazi hajui lini aanze kuhonga.

Nuru_Tanga
Nasoma tu uzi huu tangu asubuhi. Mimi ndiye mtoto wenyewe, sasa nina miaka 27.

Nilikuwa na miaka 9. Niliingizwa chumba kina feni kubwa na picha ya Rais ukutani. Hakimu aliniuliza vizuri, sina lawama naye. Akaniuliza unapenda kukaa na nani. Nikasema "popote". Akauliza tena kwa namna nyingine. Popote. Nilikuwa nimewaona wote wawili pale nje kwenye benchi, baba mwisho huku, mama mwisho kule, na niliona nikisema jina la mmoja yule mwingine atalisikia kupitia mlangoni.

Kilichokuwa kichwani mwangu hakikuwa baba wala mama. Nilitaka nisihamishwe shule, maana rafiki yangu alikuwa pale na tulikuwa tumeanza kwaya. Nilitaka nilale chumba kimoja na mdogo wangu kwa sababu alikuwa anaogopa giza. Hayo hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujua kama ni majibu. Laiti yule hakimu angeuliza "kitu gani hutaki kibadilike?" ningemjibu kwa saa nzima.

Tulipewa mama, likizo ndefu kwa baba. Shule nilihama.

kidagaa_kavu
Hili swali la "kitu gani hutaki kibadilike" lingewekwa kwenye kanuni kabisa.

Dada_Ustawi
Nuru, nimeliandika. Kesho nina watoto wawili wa kuongea nao.

Na kwa wengine: mtoto kusema "popote" au kukaa kimya si kwamba hana maoni. Ana haki ya kutoa maoni, hana deni la kuchagua mzazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania tuliuridhia 1991, kifungu cha 12, unazungumzia mtoto kutoa maoni yake kwa uhuru. Kumlazimisha ataje jina si uhuru.

Baba_Nyamagana
Nimerudi wakuu. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Dada Ustawi, lile swali lako lilininyima usingizi. Jana nikampigia mama watoto, mara ya kwanza tunaongea bila mtu katikati tangu tutoke baraza. Nikamuuliza binti amemwambia nini. Akasema amemwambia anataka kwenda naye, tena amemwahidi atamsaidia kumlea mdogo wake. Tukabaki wote kimya kwenye simu.

Sasa naomba mnisaidie hili. Tuseme kweli binti akimwambia hakimu anataka kubaki kwangu, na huyu mdogo kwa umri wake aende kwa mama. Mahakama inaweza kuwatenganisha?

Karani_Mstaafu
Inaweza. Kifungu cha 125(4) cha Sheria ya Ndoa: watoto wakiwa zaidi ya mmoja mahakama hailazimiki kuwaweka wote kwa mtu mmoja, inaangalia ustawi wa kila mmoja peke yake. Lakini ile 39 ya Sheria ya Mtoto inaiambia pia izingatie kuwa ni vyema ndugu wakae pamoja, na kwamba malezi yasikatwekatwe. Hivi viwili vinavutana, na hapo ndipo matakwa ya binti yako yatakapopimwa kwelikweli. Akisema nataka kwa baba, swali linalofuata ni: na mdogo wako je? Jibu atakalotoa hapo lina uzito kuliko la kwanza.

Usisahau na wewe una karata zako ambazo si maneno ya mtoto. Nyumba ileile, shule ileile, bibi. Hayo ni kuendelea kwa malezi, sheria inayataja, na hayahitaji binti abebe chochote mdomoni. Yasemee wewe. Ushahidi wa kwamba mtoto asihamishwe autoe mtu mzima.

Na yule mdogo wa 6 usimhesabu ameshapotea. Ile dhana ya mama inasomwa pamoja na madhara ya kumhamisha mtoto. Ila pia mama akihama na yeye, halafu binti akabaki, utamweleza nini hakimu kuhusu hao wawili? Fikiria hilo kabla ya tarehe ya kutajwa.

Mwanaume_Wa_Shoka
Kwa hiyo mwisho wa siku analipa matunzo na watoto hana. Si nilisema?

Mama_Kihonda
Wewe kaka, matunzo analipia watoto wake, halipii mapenzi ya mahakama. Akiwa nao analisha, wasipokuwa naye anatuma. Tofauti iko wapi?

Mangi_Mdogo
Samahani naingilia uzi. Sisi hatukufunga ndoa yoyote, mtoto ana miaka 8, mwenzangu amemchukua amempeleka kwao hasemi wapi. Na mimi naanzia baraza la kata?

Karani_Mstaafu
Hapana. Bila ndoa hakuna talaka ya kuombea. Wewe nenda ustawi wa jamii wilayani, wakishindwa kuwasuluhisha unafungua maombi ya malezi Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto, kifungu cha 37. Walioko Dar wanaweza pia kuulizia kile Kituo Jumuishi cha Temeke kilichoanza 2021 kwa mashauri ya familia, pale Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu ziko jengo moja na watu wa ustawi wapo. Mtoto wa 8 ataulizwa na huko. Usimtoroshe wewe kumrudisha, utaharibu.

Nuru_Tanga
Baba Nyamagana, naomba niseme na wewe kama mtoto wa watu. Usimuulize tena. Hata kwa utani, hata mkiwa kwenye bodaboda mnarudi shule. Kila mkimuuliza anajibu upya.

Baba_Nyamagana
Nimekusikia dada yangu.

Mama watoto amekubali twende ustawi wote wawili Jumatatu kabla ya tarehe ya mahakama, tuone kama tunaweza kuandika makubaliano wenyewe, angalau ya shule na likizo. Talaka iko palepale, hilo tumeelewana. Dada Ustawi, tuje na nini? Na binti tumlete?

Dada_Ustawi
Njooni na vyeti vya kuzaliwa, ile hati ya baraza, ripoti za shule za mwaka huu na kadi ya kliniki ya mdogo kama bado ipo. Kama kuna anayewatunza mkiwa kazini, andikeni jina na namba yake, atapigiwa. Mkikubaliana, makubaliano yanapelekwa kwa hakimu, naye akiona yanawafaa watoto anaweza kuyafanya amri.

Binti msimlete. Aende shule siku hiyo kama kawaida, afisa akimhitaji atamfuata hukohuko.